Mshukiwa wa Shimo la Bondeni

Haya yalitokea katika nchi ambayo wewe msomaji huijui. Na hata ukidhani unaijua, nakusihi uendelee kutoijua, kwa faida yako na yangu. Ilikuwa nchi nzuri, yenye amani nyingi kiasi kwamba kila ofisi ilikuwa na mtu wa kuilinda amani hiyo isitoroke. Wananchi wake walichagua wabunge kila baada ya miaka mitano, na sheria yao ilisema wazi, kwa herufi kubwa, kwamba kila raia anayo haki ya kuwasiliana na mwakilishi wake juu ya jambo lolote la mahali anapoishi. Sheria hiyo ilichorwa kwenye kuta za ofisi zote, na chini yake pakachorwa namba ya simu ya mbunge. Namba ilikuwa na tarakimu saba badala ya kumi. Wengine walisema rangi iliisha. Wengine walisema tarakimu tatu zilizobaki zilihifadhiwa kwa sababu za usalama.

Katika nchi hiyo, kwenye mtaa ulioitwa Bondeni, aliishi mkunga mstaafu, Bi Siwema Makoye. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Kwa miaka thelathini na mmoja alipokea watoto wengi mno, hata akipita sokoni alisalimiwa na watu wazima wenye ndevu ambao yeye ndiye aliyewapiga kofi lao la kwanza duniani.

Masika ya mwaka huo yalikuwa mazito, na karavati la Bondeni likabomoka. Lilikuwa bomba kubwa la zege lililopitisha maji ya kijito chini ya barabara iendayo zahanati. Maji yalilisukuma siku tatu, siku ya nne likapasuka, barabara ikatitia, na mahali pake pakabaki shimo lenye kina cha watu wawili waliopandiana mabegani. Zahanati ikabaki ng'ambo ile, wagonjwa wakabaki ng'ambo hii. Kuzunguka kwa njia ya juu, kupitia mashamba ya mkonge, kulichukua saa tatu kwa mguu mzima. Kwa mguu mbovu hakuna aliyewahi kupima.

Hazikupita wiki mbili, mwanamke mmoja wa mtaa huo, Tunu, akashikwa na uchungu. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda cha kamba, wakamshusha shimoni ili wampandishe upande wa pili, lakini mtoto hakuwa na subira hiyo. Bi Siwema alimpokea akiwa amesimama kwenye tope hadi magotini, na wale wanaume wamegeuza nyuso zao, wameshika kanga kama pazia. Mtoto alipona. Mama yake alipoteza damu nyingi, akalala siku tisa asijue kama ni asubuhi au jioni.

Bi Siwema alirudi nyumbani, akanawa miguu, kisha akasimama mlangoni akimtazama mkwewe, Havijawa, mke wa mwanawe aliyekuwa akifanya kazi migodini huko mbali. Havijawa alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, tumbo limemtangulia. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na mtoto alikuwa amekaa vibaya, matako chini, kichwa juu. Bi Siwema alikuwa amempapasa jana yake, akajua. Wengine hugeuka wenyewe siku za mwisho. Asiyegeuka hazaliwi shimoni.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?" Havijawa akauliza.

"Nahesabu wiki."

"Umepata ngapi?"

"Nane. Labda saba." Akaning'iniza taulo. "Kesho namwandikia mbunge juu ya lile karavati."

Havijawa aliacha kuchambua. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, umekosana na nani?"

*

Katika nchi ile, barua kwa mbunge haikuandikwa hivi hivi tu. Bi Siwema alikwenda kwa jirani yake, Mzee Chitemo, aliyekuwa karani wa mahakama kwa muda mrefu na kwa hiyo alijua jinsi karatasi inavyoweza kumla mtu. Mzee Chitemo alimsikiliza, akainuka, akafunga dirisha, akakaa tena.

"Utaweka majina mangapi?" akauliza.

"Langu tu."

"Jina moja ni uchochezi."

"Basi wewe na mimi."

"Mawili ni mkutano bila kibali."

"Na mtaa mzima?"

"Mtaa mzima ni njama," akasema Mzee Chitemo. "Na katika kila njama, Bi Siwema, wao humtafuta wa kwanza kutia sahihi. Wengine wote husamehewa, wa kwanza huitwa kiongozi."

Wakaitazama karatasi. Mwishowe yule mzee, kwa ujuzi wote wa miaka yake mahakamani, akachora duara kubwa chini ya barua. Akamwelekeza kwamba majina yote yaandikwe kuizunguka duara ile, kama spoki za gurudumu la baiskeli, maana duara haina kichwa wala mkia. Watu thelathini na wanne walitia sahihi. Barua yenyewe ilikuwa na sentensi tatu: karavati limebomoka, wagonjwa hawavuki, tunaomba lijengwe. Mzee Chitemo alitaka waongeze aya ya kumshukuru Mheshimiwa kwa mvua, lakini Bi Siwema alikataa.

*

Ofisi ya mbunge, Mheshimiwa Shibe Mkwanda, ilikuwa mjini, nyumba ya ghorofa moja yenye bendera mbili. Mheshimiwa mwenyewe hakuwemo. Alikuwa mji mkuu akiwawakilisha wananchi, na kazi hiyo, kama alivyopenda kusema redioni, haimruhusu mtu kuonana nao ovyo. Aliyekuwepo ni katibu wake, Bwana Ngalimba, mtu wa makamo aliyevaa suti katika joto ambalo mbuzi walikuwa wamelikimbia.

Alimpa Bi Siwema Fomu ya Kuomba Kuwasiliana, kurasa sita. Bi Siwema alijaza jina, mtaa, jina la baba, jina la babu, kabila la mke wa kwanza wa babu. Alipofika ukurasa wa nne akakwama.

"Hapa wameuliza kama karavati lilibomoka kabla ya Mheshimiwa kuchaguliwa au baada."

"Ndiyo, mama."

"Lilibomoka mwezi uliopita."

Bwana Ngalimba akavuta pumzi kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Ukiandika kabla, suala ni la mbunge aliyepita, na yeye alishafariki. Ukiandika baada, unamaanisha kwamba katika kipindi cha Mheshimiwa vitu vinabomoka. Sikushauri."

"Basi niandike nini?"

"Wengi huacha wazi."

Akaacha wazi. Bwana Ngalimba akaichukua barua, akaisoma mara moja, kisha akaigeuza taratibu, mara ya kwanza kichwa chini, mara ya pili ubavuni, akiifuata ile duara ya majina.

"Hii ni nembo ya nini?"

"Ni majina."

"Majina huwa yanashuka, mama. Haya yanazunguka." Akainama mbele, sauti ikapungua. "Niambie kama mwanao. Nani amekutuma?"

"Mimba ya mkwe wangu."

Bwana Ngalimba akachukua kalamu. "Mimba hiyo ni ya chama gani?"

Bi Siwema alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekwisha kuandika neno "mimba" na sasa alisubiri.

Baada ya hapo katibu alifungua kabati, akatoa faili la kijani, akasoma kwa sauti ya mtu anayefurahi kutoa habari njema. Karavati la Bondeni lilikuwepo. Lilikaguliwa wiki iliyopita na hali yake ilikuwa nzuri sana. Kulikuwa na picha ya Mheshimiwa akilikatia utepe, na nyuma ya picha palikuwa na muhuri.

"Mwanangu, mimi nimesimama ndani ya hilo shimo."

"Na mimi sikatai kwamba umesimama mahali, mama. Nasema tu kwamba mahali hapo si hapo."

Hata hivyo, kwa kuwa sheria ilimpa haki, Bi Siwema aliruhusiwa kuitia barua yake kwenye Sanduku la Maoni ya Wananchi. Lilikuwa sanduku la bluu lililotundikwa ukutani kwenye baraza. Barua za zamani zilikuwa zimelijaa hadi kwenye mdomo, na buibui alikuwa ametandaza utando wake juu yake bila wasiwasi wowote. Ufunguo, alielezwa na mlinzi, anao Mheshimiwa mwenyewe, kwa sababu maoni ya wananchi ni kitu cha thamani.

Kando yake palikuwa na sanduku jingine, jekundu, limeandikwa: Taarifa za Siri, Mfichue Adui. Bi Siwema alikuwa bado anasukuma barua yake kwa kidole pale mtu mmoja aliyevaa kofia alipofika kwa pikipiki. Akalifungua lile jekundu, akatoa karatasi chungu nzima, akazipachika kifuani, akaondoka mbio kama aliyebeba damu ya kumwongezea mgonjwa.

"Huyo huja lini?" Bi Siwema akamwuliza mlinzi.

"Kila siku, asubuhi na jioni," mlinzi akajibu kwa fahari. "Jumapili pia."

*

Siku ya tano baada ya safari hiyo, serikali ilifika Bondeni. Ilifika kwa umbo la Inspekta Lubasha, mtu mrefu, mpole, aliyebeba daftari na mwavuli. Watu walifurahi wakidhani ni mhandisi. Wakampeleka hadi ukingoni mwa shimo.

"Unaliona, afande?" Bi Siwema akamwuliza.

Inspekta alilitazama. Alitazama maji machafu yaliyokuwa yakizunguka kule chini na kipande cha zege kilichochomoza kama jino bovu. "Naliona," akasema kwa uungwana. "Lakini sikutumwa kuona. Nimetumwa kuuliza."

Akafungua daftari. Ndani yake mlikuwa na majina thelathini na manne, nakala safi, yamepangwa kwa kushuka. Bwana Ngalimba alikuwa ameitoa barua mdomoni mwa sanduku la bluu kwa vidole viwili, akaiingiza kwenye lile jekundu, na hapo ndipo ilipoanza kusafiri.

Kwa siku mbili Inspekta Lubasha alipita nyumba kwa nyumba. Hakumpiga mtu wala kumtukana. Aliuliza swali moja tu, tena kwa upole: kati ya majirani zako, nani alianza kusema kwamba kuna shimo? Kisha alikunywa chai aliyokaribishwa, akashukuru, akaenda nyumba inayofuata. Siku ya tatu aliondoka, na tangu hapo Bondeni hapakuwa tena kama Bondeni.

Watu walikuja kwa Bi Siwema mmoja mmoja. Huyu alisema sahihi yake ilighushiwa. Yule alisema alidhani ni orodha ya mchango wa harusi. Mwenye duka la mafuta ya taa alisema yeye hajawahi kuliona hilo shimo, na alisema hivyo akiwa amefungwa bandeji mguuni, kwa kuwa alitumbukia humo Jumatatu. Bi Siwema aliwasikiliza wote. Hakuwa na sahihi za kuwarudishia, kwa sababu barua haikuwa kwake.

Halafu ukaja mnong'ono mwingine, mbaya zaidi. Inspekta aliwahoji wote, lakini hakumkamata Bi Siwema. Kwa nini? Mtu anayeandikia wakubwa na bado analala kwake, huyo ni mtu wa nani? Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wanawake sokoni walianza kuzungumzia bei ya nyanya kila alipokaribia, hata wale waliouza samaki. Mzee Chitemo, akimkuta njiani, alishikwa na kikohozi na kugeukia ukuta mpaka apite.

Hata Bi Siwema mwenyewe hakupona ugonjwa huo. Alijikuta akiwahesabu: nani alikunywa chai na Inspekta muda mrefu zaidi? Nani alitoka ndani akicheka? Usiku alijilaumu, asubuhi akahesabu tena.

Jibu la mbunge lilikuja wiki ya nne, kwa njia ya redio. Mheshimiwa Shibe Mkwanda alikuwa akizungumza na taifa juu ya mafanikio ya taifa.

"Wananchi wapendwa," ilisema sauti yake, pana na yenye mafuta, "kuna watu wanaosema kwamba viongozi hatusikii. Mimi juzi nimepokea barua kutoka Bondeni. Wananchi wa Bondeni wamenipongeza kwa karavati lao. Na wametia sahihi zao katika duara, ndugu zangu, kuonyesha umoja usio na mwanzo wala mwisho. Nimelia. Naomba mtaa mwingine wowote utakaotaka kunipongeza, ufuate mfano huo wa duara."

Havijawa alizima redio. Alikuwa ameshika kiuno, na pumzi yake ilikuwa fupi.

"Mama, mtoto amegeuka?"

Bi Siwema akaweka mkono. Alipapasa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Bado," akasema.

*

Asubuhi iliyofuata alivaa baibui lake jeusi, akapanda lori la mkonge hadi mjini, akaingia kwenye ile baraza yenye masanduku mawili. Hakulitazama la bluu. Alichukua karatasi iliyoning'inia kwenye uzi kando ya lile jekundu, Fomu ya Kufichua. Ilikuwa nusu ukurasa tu. Hakuna aliyemwuliza jina la babu.

Aliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifahamike. Aliandika kwamba huko Bondeni, chini ya barabara iendayo zahanati, kuna maficho. Kwamba watu hukutana humo mchana kweupe. Kwamba huteremka kwa kamba, na wakati mwingine hubeba mizigo iliyofunikwa kanga. Kwamba kilio kimesikika humo. Kila neno lilikuwa la kweli, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe: miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba ukweli, ukishaandikwa kwenye karatasi ya sanduku jekundu, hunuka hivyo.

Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: Jina la mshukiwa. Na maandishi madogo yalisema kwamba taarifa isiyo na jina haitashughulikiwa.

Hapo kalamu ilisimama. Msomaji asimfikirie Bi Siwema kuwa malaika. Jina la Bwana Ngalimba lilimjia, likakaa kidogo. Jina la mwenye duka la mafuta ya taa likaja. Na jina la Mzee Chitemo, pamoja na kile kikohozi chake, lilimjia kwa uchungu kiasi kwamba herufi ya kwanza ilikwisha kuandikwa. Aliitazama ile herufi. Akamfikiria yule mzee ndani ya selo, na presha yake, na mjukuu wake wa kike anayemlea peke yake. Akaikata herufi kwa mistari miwili. Pembeni yake akaandika jina la mtu pekee ambaye alikuwa na hakika angevumilia: Siwema Makoye, mkunga mstaafu.

Akaitumbukiza. Ilianguka kwa ulaini, kwa maana sanduku lilikuwa tupu. Asubuhi hiyo mwenye pikipiki alikwisha kupita.

*

Kesho yake, chai haijapoa, magari kumi na mawili yalifika Bondeni. Yaliteremsha askari sitini, mbwa wanne, na kamanda mwenye nyota nyingi mabegani. Kwa dakika arobaini walilizingira shimo wakiliamuru lijisalimishe. Lilipokataa, wakateremka. Walipata ndala moja, vyura watatu na kipande cha kamba. Vyote vilitiwa kwenye mifuko ya nailoni na kuandikwa namba.

Kamanda akapanda juu ya boneti ya gari akahutubia. "Adui ametafuta mahali pa kujificha," akasema, "na sisi tunamnyima. Kuanzia sasa hapa hapatakuwa na shimo. Natoa saa sabini na mbili."

Mhandisi wa wilaya, ambaye kwa muda wa miezi miwili hakuwa na mfuko hata mmoja wa saruji, alipata malori tisa. Kila lori liliandikwa Dharura ya Usalama. Walifanya kazi kwa zamu, wakamwaga zege, wakalaza nondo nene kama mkono wa mtoto, wakaweka bomba pana mara mbili ya lile la zamani, ili adui akija asipate hata pa kuegemea. Siku ya tatu jioni karavati lilikauka. Hakuna aliyekumbuka karavati zuri kama lile katika wilaya nzima.

Bi Siwema hakuliona. Alichukuliwa asubuhi ile ile ya kwanza, akiwa na kikombe mkononi. Kabla ya kupanda gari alimwambia Havijawa neno moja tu: "Usinisubiri."

Kituoni alihojiwa na Inspekta Lubasha, mpole kama kawaida yake.

"Mlikuwa mkikutana shimoni kufanya nini?"

"Kuzalisha."

Inspekta aliandika. "Kuzalisha nini?"

"Mtoto."

"Mashahidi?"

"Wapo wanne, lakini walitazama pembeni."

"Na mwenzako mkuu katika tukio hilo ni nani?"

"Ni mtoto wa Tunu. Yeye ndiye aliyeharakisha mambo."

Askari wawili walitumwa kumleta mtoto wa Tunu. Wakakuta ana umri wa mwezi mmoja na siku chache. Kwa mujibu wa taarifa yao, alihojiwa akiwa mgongoni mwa mama yake, akalia, akakataa kutaja wengine.

Bi Siwema alikaa ndani siku kumi na tisa. Chakula cha mahabusu katika nchi ile huletwa na ndugu, na Bi Siwema hakutarajia kuona mtu, maana mwanawe alikuwa mbali na Havijawa alikuwa mzito. Siku nne za kwanza aligawiwa ugali na wenzake. Siku ya tano Tunu alikuja na chupa ya uji. Akaipitisha kwenye nondo bila kumtazama, akaondoka. Akaja tena siku ya sita, na ya saba, kimya kimya. Bi Siwema aliunywa ule uji akiwa na mashaka. Alijiuliza Tunu ametumwa kusikiliza nini, na yeye atapata nini akikaa kimya. Akaamua kukaa kimya.

Siku ya kumi na nne Tunu hakuondoka. Alisimama pale, chupa bado mkononi.

"Amevuka," akasema.

Bi Siwema alishika nondo. "Nani?"

"Havijawa. Alishikwa juzi alfajiri. Mtoto hakugeuka, wakamwitia gari la wagonjwa kutoka hospitali ya wilaya, kule mbele ya zahanati, likaja hadi mlangoni kwako. Wamempasua. Ni msichana, kilo tatu na robo. Mama anakaa, anakula."

"Gari lilipita wapi?"

"Juu ya karavati." Tunu akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa ndani ya gari. Hata halikutikisika."

Bi Siwema aliteremka taratibu mpaka sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa ile mikono yake mipana. Wenzake wa selo wakajua kuna msiba, wakaanza kumpa pole.

*

Walimwachilia kwa kuwa hawakuwa na la kufanya zaidi. Inspekta Lubasha alimwita ofisini, akamwonyesha faili. Lilikuwa na tatizo la kisheria. Bi Siwema alishtakiwa kukutana na watu shimoni, lakini ofisi ya mbunge ilithibitisha kwa muhuri kwamba shimo halikuwahi kuwepo. Mahakama isingeweza kumfunga mtu kwa kuwa mahali pasipo mahali.

"Lakini aliyekufichua yuko karibu nawe sana," akamwambia akimfungulia mlango, na kwa mara ya kwanza ilionekana kama anamwonea huruma. "Jihadhari naye."

"Nitajihadhari," akasema Bi Siwema.

Alipofika nyumbani, alimbeba mjukuu wake, akamgeuza huku na huku kama afanyavyo fundi akikagua kazi ya fundi mwenzake, akaridhika. Halafu wakaanza kuja. Mwenye duka la mafuta ya taa alileta sukari, akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba si yeye aliyemchongea. Akadokeza kwamba Mzee Chitemo ndiye aliyejua kuandika vizuri. Mama mmoja wa sokoni alileta nyanya, akaapa kwa wanawe. Akadokeza kwamba Tunu alikuwa akienda kituoni kila siku, na mtu haendi kituoni kila siku bure. Kila aliyekuja alikuja na zawadi, kiapo, na jina la mwingine.

Jioni, ukumbi ulipojaa, Bi Siwema alichoka. Akawaambia ukweli, wote kwa pamoja. "Ni mimi niliyejiandika. Fomu niliijaza kwa mkono wangu. Msimtafute mtu."

Waliangaliana. Kisha mmoja akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema Bi Siwema ana moyo mkubwa sana, kumficha mtu aliyemfanyia hivyo. Wengine wakakubali. Wakaondoka wakizungumza kwa sauti za chini, na kila mmoja aliondoka akijua kwa hakika zaidi nani aliyefichwa.

Wiki ilipita. Mheshimiwa Shibe Mkwanda alikuja akalizindua karavati kwa mara ya pili, akalipa jina lake, akaondoka kwa njia ya juu kwa ushauri wa walinzi wake, maana mahali hapo palikuwa na historia ya maadui.

Siku iliyofuata uzinduzi, saa nne asubuhi, Mzee Chitemo alisimama mlangoni kwa Bi Siwema. Hakukohoa. Alivua kofia, akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa, akamtazama mtoto mchanga, akasifu nywele zake.

"Nakuamini," akasema baadaye.

"Unaamini nini?"

"Kwamba ulijiandika. Nimekaa mahakamani miaka mingi, nawajua watu wanaomficha mtu. Wewe huna sura hiyo." Akaizungusha kofia mapajani. "Paa la shule ya msingi limeondoka na upepo. Mvua ikinyesha, mjukuu wangu na wenzake wanasomea chini ya madawati. Nimemwandikia mbunge mara tatu tangu mwaka jana. Sikuwahi kumwambia mtu."

Bi Siwema akamfunika mtoto vizuri.

"Nimefikiri kuandika kwamba paa limeibwa na genge," Mzee Chitemo akaendelea, akiitazama sakafu, "na genge linakutana pale darasani kwa kuwa liko wazi juu. Na kwamba kiongozi wa genge ni mimi. Unaonaje? Wanaweza kuleta mabati?"

Bi Siwema alimtazama kwa muda mrefu. Alitazama mikono yake, kama inatetemeka. Alitazama viatu vyake, kama ni vipya. Alisikiliza nje, kama kuna injini ya pikipiki inayosubiri. Mzee huyu alikuwa amegeukia ukuta wiki nyingi badala ya kumpa salamu. Na katika nchi ile, mtu akikuuliza jambo kama hilo, nyumbani kwako, mchana, kuna majibu mawili tu ya busara, na yote mawili ni kuzungumzia hali ya hewa.

Mtoto alianza kulia. Akampakata, akampigapiga mgongoni mpaka akacheua. Kisha akasema maneno ambayo, kama yule mzee alikuwa ametumwa, yangetosha kabisa kumrudisha Bi Siwema ndani.

"Mjukuu wako atalala hapa kwangu mpaka utoke," akasema. "Na wewe beba dawa zako za presha, na shuka zito, Mzee. Sakafu yao ni baridi."